Jumba Jeupe la Alby

Callixte hakuwa mwongo, na watu wengi pale Alby, pembezoni mwa Stockholm, wangekula kiapo kwa hilo. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakuweza kumvunja mtu moyo. Ukimuuliza kama gauni limekukaa, limekukaa. Ukimuuliza kama mahubiri yalikuwa marefu, hayakuwa marefu hata kidogo. Mkewe Adrienne hakuwa na ugonjwa huo. Alikuwa akisema kwamba ukiishi na mwanamume wa namna hii unatoka nyumbani umependeza, na ukweli unaupata kituo cha treni.

Siku za kazi Callixte alikuwa jikoni katika shule moja kusini mwa Stockholm, akimenya viazi na kuwapakulia watoto samaki wasiyemtaka. Jumapili alikuwa mpiga picha. Hii ya pili ndiyo aliyoihesabu kuwa kazi, kwani alikuja nayo kutoka Bukavu, mtaa wa Kadutu, ambako tangu ujana alizunguka kwenye arusi na ubatizo, kamera shingoni. Vita vilipomtoa Bukavu kamera ilibaki, yeye akaenda. Alipita Uvira, akavuka ziwa hadi Kigoma, akakaa kambini mpaka akachoka kuhesabu misimu ya mvua, na mwishowe akapokelewa Uswidi akiwa amevaa koti la kuazima. Miaka yote hiyo nyumbani hawakujua kama yu hai. Alipopata mshahara wa kwanza, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa kamera, na koti likafuata baadaye, baridi ilipokwisha.

Kanisa la Wakongomani wa Alby lilisali chini ya jengo la ghorofa, katika chumba kilichobanwa kati ya stoo za wapangaji na mashine za kufulia nguo. Watu walikiita lokali, na hakikuwa cha kanisa peke yake. Jumatano Wafini wazee walicheza tango humo. Jumamosi kilikuwa cha chama cha watu wa Sri Lanka. Jumapili ndiyo ilikuwa zamu ya Bwana. Dirisha halikuwapo hata moja, bomba nene la maji machafu lilipita darini, na mtu wa ghorofa ya kwanza akivuta choo katikati ya maombi, mchungaji alinyamaza kidogo kwa adabu, kisha akaendelea pale alipoachia.

Sasa, mwezi wa tano mwaka 2004, Wasri Lanka walifanya Vesak, sikukuu yao ya kumkumbuka Buddha, wakatundika turubai lililofunika ukuta wote wa nyuma. Lilikuwa limechorwa kwa mkono na fundi wa kwao. Katikati lilisimama jumba jeupe la mviringo, kubwa mno, lenye mnara mwembamba juu, na ukuta wake wa chini ulizungukwa na tembo waliosimama bega kwa bega. Nyuma kulikuwa na jabali lililojitokeza peke yake msituni. Upande wa kulia, chini ya miti, mtu mkubwa wa mawe alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Mbele kulikuwa na bwawa la maua ya yungiyungi, na juu ya yote hayo anga ya samawati ambayo Alby huiona majuma machache kwa mwaka. Kulitundika turubai hilo kulihitaji wanaume wanne na ngazi mbili, kwa hiyo mzee Piyasena, mwenyekiti wa chama chao, aliliomba kanisa liliache hapo hadi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka.

Wakati wa ibada hakuna aliyeliona, maana lilikuwa nyuma ya viti. Lakini baada ya baraka ya mwisho waumini waligeuka, na Callixte akawaona wamegeuka. Ni lazima uelewe studio za picha za Bukavu ili usimlaumu mtu huyu bure. Kule studio bila ukuta uliochorwa haikuwa studio. Ulikuwa na maporomoko ya maji, au ndege inayopaa, au gari refu ambalo mteja aliinama kidogo kama anayefungua mlango wake. Picha isiyo na kitu nyuma ilikuwa ya kitambulisho, na hakuna mtu aliyemtumia mama yake picha ya kitambulisho.

Basi wakapiga picha. Mabibi arusi walisimama pale, na watoto waliobatizwa, na akina mama wenye vitenge vipya, na kijana mmoja aliyenyanyua ufunguo wa gari juu ili uonekane vizuri mbele ya tembo. Picha zikaenda Bukavu, Uvira, Goma na Lubumbashi, na kila mtu akaeleza alivyoona inafaa. Kwa ukoo mmoja lile lilikuwa jumba la mfalme wa Uswidi. Kwa ukoo mwingine lilikuwa chuo kikuu. Fundi bomba mmoja, Cyriaque, aliwaambia kwao kwamba ni kazini kwake.

Callixte naye alisimama. Alimpa mchungaji kamera, akafunga kifungo cha koti, akasimama wima katikati, mnara ukimtokea juu ya kichwa, na picha hiyo akamtumia mama yake, Mama Emérithe. Baada ya wiki kadhaa akampigia simu kwa kadi.

"Mutoto wangu, picha ilifika," mama alisema. "Hii nyumba nyeupe nyuma yako ni nini?"

Alikuwa amesimama lokali wakati huo, akisubiri watu wa kwaya. Alitazama bomba la dari. Alitazama ukuta uliovimba kwa unyevu. Aliisikia sauti ya mama yake, sauti ya mtu aliyemlilia mwana kwa miaka na sasa anauliza jambo jema, na moyo wake ukamshinda.

"Ile njo kanisa yetu, Mama."

Upande wa pili mama akamwambia Mungu asante, mara nyingi.

"Na ule mutu mukubwa mwenye kulala pale?"

"Ni mufalme mumoja wa zamani wa huku. Anapumuzika."

"Analala inje?"

"Huku watu wanapenda hewa, Mama."

Hilo la mwisho angalau lilikuwa kweli. Lakini alipokata simu Callixte alijua amefanya kitu, na alijipa moyo kwamba atakirekebisha simu ijayo. Simu ijayo mama alimwambia kwamba picha imetiwa fremu na kutundikwa kanisani Kadutu, karibu na mimbari. Simu iliyofuata, akina mama wa maombi walikuwa wanafunga kila Ijumaa kwa ajili ya jumba jeupe la Alby, ili Mungu alilinde na moto na wezi. Na iliyofuata hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Mama Emérithe alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima na kuweka nadhiri: kabla hajafa, atapiga magoti mahali pale pale mwanawe aliposimama kwenye picha, na hapo atamshukuru Mungu kwamba yu hai.

Nadhiri ya Mama Emérithe haikuwa ya kuchezea. Aliwahi kuapa kutogusa chumvi mpaka dada yake apone, na dada akajivuta kupona, na nyumba nzima ikala bila chumvi hadi watoto wakaanza kumwombea mama yao mdogo kwa hasira.

Callixte alimwalika mama mara mbili, kama mtoto mwema anavyopaswa, na mara mbili mama akakataa, akisema safari ni ndefu na kanisani kuna kazi. Kila alipokataa Callixte alishusha pumzi, kisha akaona haya kwa kushusha pumzi. Hali hiyo ingeendelea hadi leo kama Adrienne asingechukua simu mwenyewe mwaka 2010 na kumwambia mama mkwe kwamba wajukuu wanakua, na kwamba yeye Adrienne hatakubali kuzeeka bila kuombewa na mkono wa Mama. Safari hiyo mama akakubali.

Angefika mwezi wa nne, ila volkano ya Iceland ikatema majivu na ndege zikafungwa Ulaya nzima. Nadhani Callixte ndiye abiria pekee, au tuseme mwana wa abiria pekee, aliyemshukuru Mungu kwa majivu yale. Mama hakuelewa. "Majivu tu?" aliuliza kwa simu. "Goma moto yenyewe iliingia mu nyumba za watu, na kesho yake walikuwa wanauzisha ndizi." Volkano ikachoka, tiketi ikabadilishwa, na mwisho wa mwezi wa tano Mama Emérithe alitoka uwanja wa ndege wa Arlanda akiwa na kitenge cha kanisa, kandambili za ngozi, na koti zito alilopewa na mtu aliyemwambia kwamba Uswidi ni barafu. Jua lilikuwa kali. Hakulivua koti hilo kwa siku mbili, kwa kumheshimu aliyempa.

Swali lilikuja kabla hawajafika nyumbani.

"Tunaenda kanisani leo?"

"Upumuzike kwanza, Mama."

"Kesho?"

"Kesho ni siku ya kazi."

"Jumatano?"

Callixte hakuweza kumvunja moyo mara tatu kwa mpigo. Akasema Jumatano ni sawa.

Alikuwa amejiandaa kidogo. Alikuwa amemwomba mzee Piyasena alishushe turubai lifuliwe kabla ya Vesak, akisema kwamba moshi wa mishumaa umeliharibu, na Piyasena alifurahi kuona Mkristo anayejali usafi wa turubai lao. Na Callixte alikuwa amewaza kwamba kuna jumba jeupe la mviringo Stockholm, kubwa mno, unaliona ukiwa mbali ndani ya treni. Linaitwa Globen. Ni ukumbi wa matamasha na wa mpira wa magongo wa kwenye barafu.

Jumatano wakaenda wote, yeye na mama, Adrienne, na binti yao Gaëlle, ambaye aliambiwa anyamaze na hakuahidi. Mama Emérithe alisimama chini ya Globen akatazama juu kwa muda mrefu, mkono kwenye paji la uso.

"Ni kubwa," alisema.

"Ni kubwa, Mama."

Gaëlle akasema kwa Kiswidi, "Bibi, humu wanacheza hoki."

"Anasema humu wanaimba kwa nguvu," Callixte akatafsiri.

Mama alimtazama mjukuu kwa upendo. Kisha akaona kitu kingine. Mwanzoni mwa mwaka huo walikuwa wamefungua kifaa cha watalii pale: mpira wa kioo wenye watu ndani, unaopanda polepole kwenye ubavu wa jengo hadi kileleni.

"Bale banaenda wapi?"

"Juu."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Chini," alisema Callixte, na mama akalifikiria jibu hilo.

Tatizo, ambalo Callixte hakulipigia hesabu, ni kwamba mama yake alikuwa ameitazama ile picha kila Jumapili kwa miaka sita, na mahubiri ya Kadutu ni marefu. Aliijua kuliko mtu aliyeipiga.

"Munara wa juu iko wapi?"

"Upepo, Mama. Waliutoa."

"Na tembo?"

"Walizipeleka kutengenezwa."

"Zote?"

"Zote mara moja. Huku wanafanya kazi kwa mupango."

"Na ule mulima wa nyuma?"

"Ukungu," alisema Callixte, chini ya anga isiyo na wingu hata moja.

"Na mufalme mwenye kulala?"

Callixte alitafuta msaada kwa mkewe, na mkewe hakuwa na msaada wa kumpa.

"Aliamuka, Mama."

Adrienne akageuka kutazama ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Lakini Mama Emérithe hakucheka. Alikuwa amevuka bara zima kwa ajili ya siku hiyo, na mtu aliyefika hawezi kuanza kugombana kuhusu tembo.

"Sawa," alisema. "Ulisimamaka fasi gani?"

Callixte alionyesha popote. Mama akavua kandambili, akampa Adrienne mkoba, akakunja kitenge chake, akaanza kushuka taratibu kuelekea kwenye mawe ya uwanja.

Hapo ndipo Callixte aliposhtuka. Aliweza kusema uongo, sikatai, lakini alikuwa anamcha Mungu, na alimwona mama yake anakaribia kulipeleka neno la miaka sita mlangoni pa ukumbi wa hoki. Akamshika kiwiko.

"Si hapa, Mama. Nyuma kidogo."

Mama akanyanyuka, akarudi nyuma, akaanza tena kushuka. "Nyuma tena," alisema Callixte. Wakarudi. Watu waliokuwa kwenye foleni ya mpira wa kioo wakaanza kuwatazama. Kila mama alipogusa goti kwa mkono ili alikunje, mwanawe alimvuta nyuma zaidi, mpaka wakawa wameegemea kibanda cha soseji, na muuzaji akainama dirishani kuuliza wanataka ngapi.

"Papa Gaëlle," alisema Adrienne, "unataka Mama apige magoti mu haradali?"

Wakarudi nyumbani kwa treni. Mama alishika kandambili zake mapajani, miguu wazi, na hakuuliza swali jingine. Ukimya huo ulimwumiza Callixte kuliko maswali. Nyumbani, mama alipokwenda kupumzika, Adrienne alifunga mlango wa jikoni, na safari hii hakuwa anacheka.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Mama yako alitoa neno mbele ya Mungu na mbele ya kanisa. Ukimupeleka fasi ya uongo, neno lake na lenyewe linakuwa uongo, na yeye hatajua. Weye danganya peke yako. Usimutie mule."

Callixte alimenya viazi Alhamisi na Ijumaa bila kuviona. Mpishi mkuu alimuuliza kama ni mgonjwa, naye akajibu ndiyo, na nadhani hilo lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli wiki ile. Kilichomtesa hakikuwa kukamatwa. Kilikuwa kile chumba chenyewe. Mama alimlilia kama mfu, akamwombea, akafunga Ijumaa, na sasa amwonyeshe kwamba alifika Ulaya akawa anasali karibu na mashine za kufulia.

Jumamosi alimshika mama mkono, wakashuka ngazi za lokali, Adrienne nyuma yao. Hakumwambia wanakwenda wapi, kwa sababu alijua akianza kusema atasema kitu kizuri.

Mlango ulipofunguka harufu ya mchuzi wa nazi na majani ya viungo iliwapiga usoni. Wasri Lanka walikuwa wakijiandaa kwa Vesak yao, wote wamevaa nguo nyeupe, viatu vimepangwa mlangoni, taa za karatasi zimening'inia darini. Kwenye ukuta wa nyuma wanaume wanne walikuwa juu ya ngazi, na lile turubai lilikuwa linapanda kwa kamba, limefuliwa, linang'aa. Kwanza ulionekana mnara, kisha jumba lenyewe, kisha jabali, kisha tembo wakafunguka mmoja mmoja mpaka chini sakafuni.

Mama Emérithe aliacha mkono wa mwanawe.

"Ni kitambaa," Callixte alisema. "Ni picha ya kuchora, Mama. Ni ya hawa watu. Sisi kanisa yetu ni hii chumba. Hakuna nyumba nyeupe. Haikuwapo hata siku moja. Nilikudanganya."

Mama alitazama kuta. Alitazama viti vya plastiki. Juu yao mtu wa ghorofa ya kwanza alivuta choo, na maji yakapita na kelele kutoka upande mmoja wa dari hadi mwingine, na mama akayafuata kwa macho hadi yalipoishia.

"Miaka sita," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na Kadutu banafunga."

"Ndiyo, Mama."

Mzee Piyasena aliwaona, akaja na mikono imeunganishwa kifuani kuwaamkia. Alikuwa mtu mfupi, mwenye nywele nyeupe na sauti ya mwalimu, na alidhani bibi huyu mgeni amevutiwa na mchoro. Akaanza kueleza kwa Kiswidi, na Callixte akatafsiri, neno kwa neno, bila kuongeza chochote. Jasho lilimtoka kwa kazi hiyo mpya.

Jumba jeupe, alieleza Piyasena, liko Anuradhapura, mji wa kale wa wafalme wa kisiwa chao, na ndipo alipozaliwa yeye. Limejengwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita kuhifadhi masalia matakatifu ya Buddha. Watu hawaingii ndani. Hulizunguka kwa miguu mitupu, na maua mikononi. Jabali la nyuma ni Sigiriya, ambako mfalme mmoja alijenga jumba lake kileleni kwa kumwogopa ndugu yake. Na huyu wa mawe aliyelala yuko mji mwingine wa kale, Polonnaruwa. Fundi amekusanya yote kwenye kitambaa kimoja ili watu wa mbali wasihangaike.

"Huyu ni Buddha," alisema Piyasena. "Hajalala usingizi. Anaiaga dunia."

Callixte akatafsiri. Mama alimgeukia polepole.

"Ulisema aliamuka."

Piyasena akaongeza, kwa upole, kwamba kwao ni kukosa heshima kusimama na kumpa Buddha mgongo ili upigwe picha. Callixte alipolisikia hilo aliwaona mabibi arusi wote wa Alby wamejipanga kichwani mwake, na yule kijana wa ufunguo wa gari. Akaanza kuomba radhi. Mzee akamzuia kwa mkono. Walikuwa wakizijua hizo picha siku nyingi, alisema, kwani moja ilisahauliwa kwenye ubao wa matangazo. Jambo hilo limekuwa kwenye ajenda ya kamati yao tangu mwaka 2005, na kamati bado haijafikia uamuzi.

Pengine aliuona uso wa Callixte, kwa sababu alimuuliza kuna nini, na Callixte akamwambia yote. Mzee alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Kisha akasimulia kitu kinachosimuliwa kwao tangu kale. Mfalme aliyeanza kulijenga jumba lile jeupe aliugua kabla halijakwisha, na alikuwa na huzuni kwamba atakufa hajaliona. Ndugu yake akawaita washonaji na mafundi wa mianzi, wakalifunika jengo lote kwa kitambaa cheupe, wakachora juu yake na kuweka mnara wa mianzi. Mfalme akabebwa kwenye machela. Akaliona jumba lake limekamilika, akafa na amani.

"Kwa hiyo, mama," Piyasena alimaliza, "hata la kwetu lilikuwa kitambaa kwanza. Na yule ndugu tunamtaja kwa heshima hadi leo."

Ilikuwa hadithi nzuri, na Callixte aliitafsiri kwa moyo wote, maana aliona mlango umefunguka. Alipomaliza alimtazama mama kwa matumaini.

"Ule mufalme alikuwa anakufa," alisema Mama Emérithe. "Miye siko nakufa."

Adrienne akasema "Ndiyo" kwa sauti ya chini, na mlango ukafungwa.

Mama akavua kandambili zake, akaziweka mlangoni kwenye safu ya viatu vya wenyeji, akarudi katikati ya chumba akakunja kitenge.

"Sasa uniambie kweli. Siku ya ile picha, miguu yako ilikuwa wapi?"

Callixte hakuhitaji kufikiri. Alikwenda hatua chache mbele ya turubai, pale plastiki ya sakafu ilipokuwa imechanika kidogo, akasimama, akaonyesha chini kwa vidole viwili. "Hapa, Mama."

Lakini Mama Emérithe alipofika hapo alisita, na kila mtu akaelewa kwa nini. Akilielekea turubai, itakuwa Mkristo wa Kadutu amempigia magoti Buddha. Akielekea upande wa pili, atampa Buddha mgongo mbele ya watu wake, siku ya sikukuu yao, na ameshaambiwa kwamba si heshima. Wanaume wanne walibaki juu ya ngazi, kamba mikononi. Kamati ingehitaji miaka.

Mama aligeuka ubavu. Akaelekea ukuta wa kushoto, kwenye chango za makoti, kizimamoto na tangazo la Wafini la tango. Akashuka kwa goti moja, kisha la pili, akaweka viganja sakafuni mahali mwanawe aliposimama, na akamshukuru Mungu kwa sauti. Hakufupisha. Alimtajia njia ya Uvira na ziwa na kambi. Alimtajia watu waliomwambia aweke matanga na yeye akakataa. Wasri Lanka hawakuelewa hata neno, lakini waliacha kazi zao, na mama mmoja mwenye nguo nyeupe akaja kuweka ua moja la manjano sakafuni karibu naye, kisha akarudi kwenye sufuria zake.

Mama alipomaliza hakuinuka. Alibaki pale akiipapasa ile plastiki iliyochanika.

"Mara mbili uliniitaka nije," alisema bila kumtazama mwanawe. "Nilisema safari ni ndefu. Haikuwa safari. Nilikuwa naangalia ile picha Jumapili yote, nasema, mutoto wangu iko mu nyumba ya tembo. Miye na hizi kandambili, nitafikia wapi? Nitamuletea haya mbele ya watu wake." Akafuta uso na ncha ya kitenge. "Ningejua iko hapa chini, ningekuja zamani."

Callixte alikuwa mtu mzima mwenye binti anayemzidi urefu, na alilia pale mbele ya chama kizima cha Wasri Lanka, bila kujificha. Hakupata neno zuri la kumwambia. Mama yake akasogea kidogo kumpa nafasi, naye akapiga magoti kando yake.